Jinsi Nilivyouza Kitu cha Bure

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu, na nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, sina kazi nyingine. Pili, nawaona mnavyojiandaa kwenda kuhubiri, mna vipaza sauti na simu zenye Biblia sita ndani yake, na najua kabisa mtafanya makosa yaleyale niliyofanya mimi, ila ninyi mtayafanya kwa sauti kubwa zaidi.

Nilikuwa mwinjilisti. Tafadhali msinichanganye na mchungaji. Mchungaji anakuja na pikipiki, anabatiza, anashirikisha meza ya Bwana, anakula paja la kuku, anaondoka. Mwinjilisti ndiye anayebaki. Anafundisha darasa la ubatizo, anatembelea wagonjwa, anazika pale mchungaji anapokwama kwenye matope, anaamua ugomvi wa mipaka ya mashamba usiomhusu, na kuku akifika kwake amebaki shingo. Nadhani hakuna ukoo wa kuku katika kata ya Mwaya ambao sijala shingo yake.

Kanisa letu ni la mapokeo ya Matengenezo. Kwa wale mliosinzia darasani, maana yake ni kwamba tunaamini Mungu ndiye anayeokoa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mwanadamu hachangii chochote. Nilisomea mambo hayo miaka miwili huko milimani kwenye baridi, chini ya mwalimu mmoja mwembamba aliyefundisha kwa vidole vya mkono wa kushoto. Kila kidole na fundisho lake. Cha kwanza, mwanadamu amepotoka kabisa. Cha pili, Mungu huchagua watu wake bila masharti, si kwa sababu ya uzuri wao wala ya lolote watakalofanya. Na kuendelea hivyo hadi cha tano, kisha anafunga ngumi kutuonyesha kwamba Mungu akikushika hakuachii. Sisi wanafunzi tulikuwa tukimuiga bwenini, hata wakati wa kuombana sabuni.

Nilirudi Kyela nimevimba kichwa. Jumapili ya kwanza nilihubiri kwamba mwanadamu ni maiti katika dhambi, na maiti haiwezi kumwita Mungu wala kupiga hatua moja kumwendea. Nilihubiri saa moja na nusu. Ulikuwa msimu wa kupandikiza mpunga, watu wana migongo inayowauma, na wengi wao walinionyesha mfano wa maiti vizuri kuliko nilivyotarajia.

Nilipomaliza, bibi mmoja wa benchi la mbele akanyoosha mkono. Kanisani kwetu watu hawanyooshi mkono wakati wa mahubiri, lakini bibi akifikia umri fulani anafanya anavyotaka.

"Mwinjilisti, ndaga fijo, asante kwa neno," akasema. "Ila kama sisi ni maiti, umetupigia kelele muda wote huo wa nini?"

Nikatafuta jibu kwenye vidole vyote vitano, sikuliona. Nikakohoa. Ndipo kutoka benchi la wazee wa kanisa akasimama Mzee Asegelile, mfupi, amevaa mabuti ya mpira, akamwambia yule bibi, "Mama, huyu kazi yake ni kupiga kelele. Anayefufua ni mwingine. Tuimbe." Tukaimba.

Huyo Mzee Asegelile ndiye aliyenifundisha kazi. Chuo kilinipa majibu tu. Alikuwa mkulima wa kakao, na kama mnavyojua, kakao ikichachushwa chini ya majani ya migomba inatoa harufu ya pombe kabisa, kwa hiyo mzee wetu aliomba sala ya Jumapili asubuhi akinuka kama mtu aliyetoka kilabuni. Wageni wa jimbo walishtuka. Yeye hakujali. Siku za kazi alianika kakao yake kwenye saruji mbele ya mlango wa kanisa, na ukimuuliza alisema Bwana hana matumizi na uwanja ule mpaka Jumapili.

Alinifundisha kwamba mvua ya Kyela ikianza kupiga bati, mhubiri anyamaze mara moja na aanzishe wimbo mrefu, kwa sababu hajazaliwa mtu wa kushindana na mvua ile. Alinifundisha kwamba siku ya kuvuna mtu hana masikio, ana mgongo tu, hivyo ukimtembelea chukua mundu uvune naye, neno lako utalisema mkikaa kunywa maji. Kuvuka mto, Biblia kichwani ndani ya mfuko wa nailoni, viatu shingoni. Kwenye nyumba ya kwanza usishibe, maana mbele kuna nyumba nyingine tano na zote zimepika ndizi, na kukataa chakula cha mwenyeji ni dhambi ambayo Musa aliisahau lakini mama mwenye nyumba hataisahau. Na usimwamulie mtu jambo la nyumbani kwake kabla hujazungumza na kila mtu anayelala katika nyumba ile.

Hilo la mwisho niliandika kwenye daftari, nikapigia mstari, na sikulifuata. Ndiyo habari ninayotaka kuwaambia leo, hayo mengine yalikuwa ya kuchelewesha.

Kulikuwa na mtu tukimwita Baba Tumpe. Alikuwa na shamba zuri la mpunga na migomba, umri wake kama arobaini na tano wakati huo, na kila Jumapili alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Alikaa pale kwa miaka kumi na moja kwa sababu hakuwa amebatizwa. Wengine walipokwenda mezani kwa Bwana, yeye alibaki anaangalia mabuti yake. Lakini aliimba! Kwaya ilikuwa ikipotea katikati ya beti, yeye kutoka mlangoni anairudisha barabarani.

Kilichomzuia ni kwamba alikuwa na wake wawili. Wa kwanza ni Mama Tumpe, wa ujana wake. Wa pili aliitwa Subilaga, mjane wa kaka yake. Kaka alipofariki, ukoo ulikaa kikao ukamkabidhi Baba Tumpe yule mjane, kama ilivyokuwa desturi. Hakumtongoza. Aliletewa, pamoja na watoto wawili na nyumba yenye paa linalovuja. Na sheria ya kanisa letu ilikuwa wazi, kwamba mwanamume habatizwi mpaka abaki na mke mmoja, na mwanamke akiwa mke wa pili anatengwa, hata kama alikuwa muumini kabla ya hapo.

Watangulizi wangu waliliona jambo hilo, wakalipitia kando kama watu wanavyopita kando ya ng'ombe aliyelala njiani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba na ripoti ya mwaka ilikuwa inakaribia. Nikaona huyu ndiye wa kunipatia sifa.

Nilimkuta anageuza kakao iliyoanikwa. Tukasalimiana. Nikamwambia kwamba wakati wake umefika.

Akaweka reki chini. "Mwinjilisti, nisikilize vizuri. Wokovu ni bure?"

"Bure kabisa, Baba Tumpe."

"Mimi sina ninachotoa?"

"Huna. Na hata ungekuwa nacho, hakipokelewi."

"Na nikitaka kubatizwa?"

"Umwondoe Subilaga."

Akachukua reki yake, akageuza kakao mstari mzima, akarudi. "Basi si bure, mwinjilisti."

Nikamweleza. Mtu aliyetoka chuoni juzi hashindwi kueleza. Nikasema wokovu ni kitu kimoja na ubatizo ni kingine, utii ni tunda na si mzizi, na mengine mengi ambayo hadi leo naweza kuyatetea mbele ya mwalimu yeyote. Akasikiliza yote. Halafu akauliza, "Nikishindwa kumwondoa?"

Vijana, hapa msome polepole. Nilimwambia kwamba mteule wa Mungu hujulikana kwa utii wake. Nikamwambia kwamba akishindwa, huenda hakuchaguliwa.

Huenda. Nilitia hilo neno nikidhani linaninawisha mikono. Nilimwona mtu mzima, mwenye mikono kama magome, anatetemeka midomo, na niliona fahari moyoni. Nilidhani ni Roho anamgusa. Alikuwa ni mimi.

Jambo likafika kwenye kikao cha wazee. Mzee Asegelile akaomba kuuliza swali.

"Huyo Mungu alipomchagua Baba Tumpe, kabla hajaumba ulimwengu, hakuona kwamba atakuja kuwa na wake wawili?"

"Aliona," nikajibu.

"Na alimchagua hivyohivyo?"

"Kama alimchagua."

"Basi mwenye mali hakuweka sharti. Sharti ni la kwetu wenye kubeba ujumbe."

Wazee wengine wakaangalia dari. Mwenyekiti akasema sheria ni sheria. Mikono ikapanda, isipokuwa wa Mzee Asegelile, uliobaki gotini. Nilirudi nyumbani nikimsikitikia. Nilijisemea kwamba mzee wa watu ana moyo mzuri, tatizo hajasoma.

Subilaga aliondoka siku ya katikati ya juma na wanawe wawili, akaenda kwao kwa Wakisi, kando ya ziwa, mbele ya Matema. Sikuwepo. Nilikuwa nafua joho la mchungaji.

Ubatizo ulifana. Maji yalipomgusa kichwani Baba Tumpe alilia kama mtoto, na mimi nikaandika kwenye ripoti kwamba alibatizwa kwa machozi ya furaha. Jimbo likanisifu. Baada ya ibada tulikwenda kula nyumbani kwake, na Mama Tumpe, yule mke wa kwanza, ndiye aliyeniandalia. Aliweka sahani mbele yangu, akabaki amesimama.

"Mwinjilisti, unajua ni nani aliyemfundisha mume wangu zile nyimbo?"

"Sijui, mama."

"Subilaga. Yeye kabatizwa akiwa mchanga kule kwao ziwani, baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Mlipomtenga akawa anaimba hapa uani akipepeta mchele, watoto wote wanaitikia. Huyu bwana alikuwa haendi hata kanisani. Ni yule aliyemsukuma, kila Jumapili, nenda, nenda. Anamfulia shati, anamtoa mlangoni, yeye anabaki." Akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Mmemtoa aliyemleta."

"Mbona hamkuniambia?"

"Uliuliza?"

Nilikuwa nimefika nyumba ile zaidi ya mara kumi. Nilizungumza na mume. Niliwahi kumsalimia Subilaga mara mbili au tatu, mara moja nikimwomba maji. Niliona aibu siku ile, aibu ya kweli. Halafu nikala, nikamaliza, kwa sababu chakula kilikuwa mbasa, samaki wa ziwani, wa nazi na aibu yangu haikuwa na nguvu kiasi hicho.

Mtaniuliza nilichukua hatua gani. Hakuna. Kulikuwa na mafuriko, daraja lilikwenda na maji, kulikuwa na semina, kulikuwa na ripoti. Mtu akitaka kuchelewesha toba, hakuna kazi yenye visingizio vitakatifu kama hii yetu. Baba Tumpe alihama kutoka benchi la mwisho, akakaa la tatu kutoka mbele, akawa anakwenda mezani na wenzake. Hakuimba tena. Alifungua mdomo, alifuata maneno, lakini sauti ile haikutoka. Mzee Asegelile aliniuliza mara moja kama nimeona. Nikasema labda ni umri. Akaniangalia, akaenda kukusanya kakao yake maana wingu lilikuwa linakuja. Alifariki miaka kadhaa baadaye bila kuniuliza tena, na ningelipa chochote aniulize.

Nimefundisha kidole cha pili, kile cha Mungu kuchagua bila masharti, kwa miaka zaidi ya thelathini. Nimekifundisha kwenye mabanda, kwenye kivuli cha migomba, kule bandarini Itungi kwa wanaosubiri meli isiyofika, dukani Mbugani kwa rafiki yangu Mwislamu aliyeniambia hata kwao mambo hayo yanawavunja watu vichwa. Nilikifundisha vizuri. Na kila nilipokinyoosha kidole hicho, kilikuwa na Baba Tumpe juu yake.

Basi miaka michache kabla sijastaafu, Baba Tumpe akaugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, hospitali wakawaambia ndugu wampeleke nyumbani. Akatuma niitwe. Nilifika mchana, nikamkuta ameegemezwa mito. Mama Tumpe alikuwa amekaa miguuni pake, naye amezeeka, ana fimbo.

"Ugonile, Baba Tumpe," nikamsalimu.

"Kaa," akasema. "Nina swali la darasa la ubatizo."

Nikajaribu kucheka. Yeye hakucheka.

"Nilimtoa Subilaga ili nipate wokovu. Kama niliupata kwa kumtoa, basi niliununua, na wewe ulifundisha kwamba wa kununua haupokelewi. Kama haununuliwi, basi yule mwanamke na watoto wa kaka yangu niliwatupa bila sababu yoyote, na mtu aliyefanya hivyo sijui anakwenda wapi. Uliniambia huenda sikuchaguliwa. Neno hilo nimelibeba muda wote huu. Sasa nakufa, mwinjilisti. Nakufa na lipi?"

Majibu nilikuwa nayo. Nilikuwa na mazuri kuliko ya ujana wangu. Ila mtu anayekufa ananusa jibu la daftari kutoka mbali, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mjanja.

"Ilikuwa bure," nikamwambia. "Ilikuwa bure, mimi nikakuuzia. Kosa si lako, ni langu."

Akafikiri. "Hiyo inakusaidia wewe," akasema. "Mimi je?"

Akamtazama Mama Tumpe, kisha akanirudia mimi.

"Nataka kumwona," akasema.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Matema. Nikaacha bodaboda pale, nikatembea kando ya maji mpaka kijiji cha Wakisi. Wanawake walikuwa nje wanafinyanga vyungu, na mmoja wao, mwembamba, nywele nyeupe chini ya kitambaa, alikuwa akizungusha chungu taratibu kwenye kigae huku akikilainisha kwa kiganja. Hakuinua kichwa.

"Umezeeka, mwinjilisti," akasema.

"Na wewe, mama."

"Mimi sikuuliza."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, yenye utangulizi na sehemu tatu. Nikaanza utangulizi. Akanikatiza. "Anaumwa?"

"Sana. Anataka kukuona."

Akaosha mikono ziwani, akajifunga khanga ya pili, akasema, "Twende." Tulipanda bodaboda kwa mshikaki, dereva mbele, Subilaga katikati, mimi nyuma kabisa nikiwa nimeshikilia chuma. Nilijaribu kuendelea na sehemu ya kwanza ya radhi yangu tukiwa njiani, lakini upepo uliichukua yote.

Mama Tumpe alimpokea uani. Fimbo ikaanguka, wakashikana wale wanawake wawili kwa muda mrefu, wakizungumza kwa Kinyakyusa kwa haraka, wanalia na kucheka, na nadhani sehemu ya kicheko ilinihusu. Kisha wakaingia ndani, nami nikafuata nikasimama mlangoni.

Baba Tumpe alipomwona alitaka kuinuka. Hakuweza.

"Subilaga, nisamehe."

"Nilishakusamehe," akasema Subilaga, kama mtu anayejibu bei ya chumvi. "Nilikusamehe siku ile ile, nafunga mzigo."

"Sikuwa nimeomba."

"Hukuwa umeomba, ndiyo. Ningekungoja uombe si ningekufa na hasira zangu? Nakujua ulivyo mzito wa kusema."

Mama Tumpe akacheka akiwa ameziba mdomo. Baba Tumpe hakucheka. Alikuwa anamwangalia Subilaga kwa macho ya mtu anayesoma barua yenye mwandiko mgumu.

"Bila kitu?" akauliza. "Bila kitu chochote?"

"Una nini wewe cha kunipa?" Akaketi kando ya kitanda, akamshika ule mkono uliovimba. "Angalia ulivyo."

Yule mzee akaanza kulia, na safari hii nilijua ni machozi gani. Kisha akageuza shingo taratibu mpaka akanipata pale mlangoni.

"Mwinjilisti. Ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo ilivyo, Baba Tumpe."

"Hata kule juu?"

"Huko ndiko kulikoanzia."

Akavuta pumzi. "Sasa mbona hukusema hivyo?"

Vijana, nimekaa mbele ya watahini wa jimbo, nimehojiwa na maaskofu wa madhehebu mengine, nimebishana na wahubiri wa barabarani wenye kelele kuliko redio. Sijawahi kuulizwa swali kama lile. Subilaga akaanzisha wimbo, chini chini, na kutoka kwenye ile mito sauti ikaitikia, imechakaa, imepungua, lakini ni ile ile ya mlangoni. Habari za huenda hakuzitaja tena. Siku nne baadaye alifariki, mvua ikanyesha, mchungaji akakwama kwenye matope, nikamzika mimi.

Baada ya maziko nilimfuata Subilaga nyuma ya nyumba alikokuwa akiosha vyombo. Nikamwambia nimekosa, kwa maneno machache sana. Nikamuuliza, "Na mimi, mama?"

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Wewe subiri kwanza."

Nikasubiri. Na hapa ndipo mtakapocheka, maana mhubiri wa neema, mtu wa vidole vitano, nilianza kufanya kazi ya kununua. Nilimpelekea mchele wa Kyela, ule wenyewe wenye kunukia. Akapokea. Nikampelekea kitenge. Akapokea. Nikapeleka ndizi, nikapeleka maharage, nikapeleka mchele tena. Kila mara anasema ndaga, anauliza habari za Mama Tumpe, basi. Nikaenda kwenye kikao cha wazee nikaomba aondolewe kutengwa. Wakasema hakuna kizuizi tena kwa kuwa mume amekufa, aje tu atubu mbele ya kanisa kama kawaida. Nikapeleka habari ziwani, furaha tele.

"Nitubu nini?" akauliza.

"Wanasema, ule mke wa pili."

"Nilijirithisha, au nilirithiwa?" Akaendelea na chungu chake. "Waambie kama ni lazima mtu atubu, wachague mwingine."

Nikawachagulia. Jumapili ya kuniaga kazini, wameniandalia suti na kiti cha plastiki chenye mikono, nilipoitwa kutoa neno la shukrani nikaenda kusimama pale wanaposimama watu waliotengwa wakirudi kundini. Nikasema yote, tangu ile reki ya kakao mpaka lile neno huenda. Mwenyekiti alijaribu kuanzisha wimbo mrefu. Mvua haikuwepo ya kumsaidia. Wazee walikaa vikao vitatu baada ya hapo, na katika cha tatu wakafuta jina la Subilaga kwenye orodha ya waliotengwa, bila kumtaka atubu. Radhi hawakumwomba. Nadhani waliona wameshatenda muujiza mmoja, inatosha kwa mwaka.

Nilikimbia kumwambia. Akasema, "Vizuri." Nikangoja aongeze neno. Akanionyesha lundo la udongo wa mfinyanzi pembeni, lililomwagiwa maji.

"Kanda," akasema.

Mwanamume hakandi udongo kule. Ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na wanawake wa kijiji kizima walikuja kuniangalia kama kitu kilicholetwa kwenye maonyesho. Nikavua viatu, nikapandisha suruali ile mpya ya suti, nikakanda. Wiki iliyofuata nikarudi, nikakanda. Mgongo uliniuma mpaka nikawakumbuka wale waliosinzia siku ya mahubiri yangu ya kwanza, nikawasamehe wote. Hivyo ikaenda, kila Alhamisi, miezi.

Alhamisi iliyopita nikashindwa kuvumilia. Nikaweka mikono kiunoni, udongo mpaka kwenye magoti.

"Subilaga, bado tu?"

"Bado nini?"

"Kunisamehe."

Akaacha chungu kikasimama. Nilishawahi kumwangalia mwanafunzi wa darasa la ubatizo kwa macho yale, yule anayerudia mwaka wa tatu.

"Wewe nilikusamehe pamoja na yule bwana," akasema. "Siku ile ile. Mzigo mmoja."

"Lakini uliniambia nisubiri!"

"Na ukaanza kuleta mchele. Mchele mzuri ule, mwinjilisti, ningekukatiza?"

Wale wanawake wakaangua kicheko, mmoja akalazimika kukaa chini. Mimi nilisimama pale, nina miaka sitini na kitu, macho yananilowa, sijui nicheke na nani.

"Sasa huu udongo," nikasema nilipopata sauti, "siku zote hizi nakanda wa nini?"

"Unakauka," akasema Subilaga, akarudi kwenye chungu chake. "Kanda."

Nikakanda.